Meno Tisa ya Gia Ndogo

Riziki mwanangu,

Umekwenda kanisani kuagana na wenzako wa kwaya, nami nimepata nafasi ya kukaa na kalamu bila kuulizwa namwandikia nani. Mambo ya chandarua, ya kufunga mlango, ya kuchagua marafiki, majirani wa Juru nzima wamekwambia tangu Jumapili, mpaka nimeona unaitikia kabla hawajamaliza. Sitayarudia. Kazi ya gereji nayo unaiweza. Huko Mbarara wakikucheka kwa kuwa ni msichana, wape dakika tano na injini mbovu, watanyamaza wenyewe.

Nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi na miwili. Barua hii nitakupa asubuhi pamoja na chai, kabla gari halijafika. Ukifika katikati utataka kuitupa motoni. Nazijua hasira zako, umezirithi kwangu. Nakuomba uvumilie mpaka mwisho, kisha ufanye utakavyo.

Wiki iliyopita, tulipokuwa tunapanga nguo zako, ulisema: "Papa, nikikutana na ule mulevi kule Mbarara, nitamwambia mbele ya batu bote kitu alifanyia Mama." Nilikuwa nimeshika blanketi. Nililikunja, nikalikunjua, nikalikunja tena. Hukuona kwamba naogopa. Ulikuwa unamsema Byamungu, dereva aliyeendesha pikapu siku mama yako alipokufa, na umemchukia tangu ukiwa na miaka saba. Riziki, umemchukia mtu asiye na kosa. Gari lile nililitengeneza mimi, na nililitengeneza vibaya.

Wacha nianze na kile chuma kilicho nyuma ya nyumba, unachokalia ukichambua maharage. Umeniuliza mara nyingi kwa nini siwauzii wanunuzi wa vyuma chakavu, nami nikajibu kwamba kitafaa siku moja. Ni difu, hilo unalijua. Sisi Uvira tuliiita ponti. Inapokea mzunguko wa injini kupitia ile shafti ndefu ya chini ya gari na kuupeleka kwenye magurudumu. Ndani yake gia ndogo inasukuma gia kubwa, na idadi ya meno ya hizo mbili ndiyo inayoamua shafti izunguke mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lina difu mbili, ya mbele na ya nyuma, na hesabu zake lazima zilingane. Zisipolingana, mbele inataka kwenda mwendo wake na nyuma mwendo wake, na gari linagombana lenyewe kwa lenyewe.

Ulikuwa na miaka kumi nilipokufundisha kuitafuta hesabu hiyo bila kufungua chochote. Inua gurudumu moja la nyuma, tia mawe kwenye yaliyobaki, toa gia, piga alama ya chaki kwenye shafti na nyingine kwenye gurudumu. Kwa kuwa gurudumu la pili limebaki chini, hilo la juu unalizungusha mara mbili ndipo upate hesabu ya mara moja. Ulizungusha mara mbili, ukatazama chaki, ukaniambia, "Papa, ni karibu ine." Nikakupiga kofi.

Ni kofi pekee ulilowahi kupata kutoka kwangu, na kosa lako hukulijua. Nikakulazimisha uzungushe mara ishirini ukihesabu kwa sauti, machozi yakikuchuruzika mpaka ukanifutia alama ya chaki kwa mkono uliolowa, tukaanza upya. Mwishowe ukapata kwamba shafti imezunguka mara thelathini na saba. Jioni ile hukula. Nami sikula, ila wewe ulidhani nimeshiba.

Hiyo "karibu nne" nilikuwa nimewahi kuisema mimi.

Kazi hii nilijifunza Uvira, kwa fundi mmoja mkali kama pilipili. Pikapu zote zilizoingia kwake zilikuwa za namna moja, na gia zao ndogo zote zilikuwa na meno kumi. Kwa hiyo tulipotaka kujua kama difu mbili zinalingana, tulihesabu meno ya gia kubwa tu. Ile ndogo inajificha, inaonyesha meno machache, na kuihesabu kunataka kutia alama na kuzungusha polepole. Alikuwa akisema, "Hesabuni kubwa, ndogo bote ni mapasa." Hatukumbishia, kwa sababu pale kwake ilikuwa kweli.

Tulipokimbia Kongo mwaka wa tisini na sita, wewe ukiwa mgongoni mwa mama yako, sikubeba spana hata moja. Nilikuwa nikijisifu njia nzima kwamba nimebeba ujuzi kichwani, na kwamba hakuna askari wa kizuizi atakayeweza kunipokonya. Sikujua kwamba pamoja na ujuzi nilibeba ujinga wa ile gereji moja, na kwamba nitafika nao mpaka kambi hii ya Nakivale, huku Uganda.

Hapa kazi niliyoipata mapema ilikuwa ya pikapu kuukuu ya Mzee Bagambe, mfugaji wa Endiinzi. Siku za kawaida ilibeba maziwa. Siku za soko ilichukua watu wa Juru na maharage yao kwenda Mbarara. Byamungu, mtu wetu wa Uvira, ndiye alikuwa dereva. Difu ya nyuma ikavunjika meno. Nikaenda Mbarara kwenye uwanja wa magari mabovu, na katika rundo la vyuma vilivyotoka nchi nisizozijua nikaona difu iliyofanana na yetu kwa umbo. Nikapangusa oili kwa kitambaa, nikahesabu gia kubwa: thelathini na saba. Ya mbele nilikuwa nimeifungua mwaka uliotangulia, nayo ilikuwa thelathini na saba. Mapacha! Manyunyu yalikuwa yameanza na gari la mwisho la kurudi lilikuwa linapiga honi. Gia ndogo sikuihesabu.

Nilipokwisha kuifunga nilizungusha gurudumu mara mbili, niridhike tu. Shafti ilizunguka mara nne na kidogo. Ya mbele nilikumbuka kuwa ni karibu nne. Nikajiambia nne ni nne, nikanawa mikono.

Baada ya siku mbili Byamungu alinijia. "Fundi, hii gari iko nalia mingi kupita zamani. Mwendo ni ule ule, lakini moteri inapiga kelele." Nilikuwa na wateja, nikataka kuonekana. Nikamjibu, "Weye ni shoferi ao munganga wa masikio?" Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Mwanangu, kelele ile ndiyo ilikuwa hesabu yenyewe inasema. Injini ilikuwa inazunguka zaidi kwa mwendo ule ule, kwa sababu difu ya nyuma haikuwa ile niliyodhani. Aliniletea jibu mkononi, mimi nikamfanyia mzaha.

Sasa nakuja kwa mama yako.

Ilikuwa siku ya soko. Alikuwa na magunia mawili ya maharage, na mbingu ilikuwa imefunga upande wa Mbarara. Alisimama kando ya pikapu akaniuliza, "Baba Riziki, tungojee kesho? Mvua iko nakuja." Kisha, kwa kuwa alinijua kuliko ninavyojijua, akaongeza kwa sauti ya chini ili watu wasisikie: "Ile gari umeihesabu muzuri?"

Nikaona ananitia aibu. Nikamwambia, "Panda. Nimeitengeneza miye mwenyewe."

Alinitazama kidogo. Akakaza kitenge, akatoa mkono wako kwenye wake akautia kwenye wangu, akapanda juu ya magunia. Nimejaribu kukumbuka kama aliniaga. Nakumbuka kiganja chako tu, kilikuwa na jasho.

Mvua iliwakuta kwenye mteremko. Byamungu alifanya kile ambacho dereva mwema hufanya: alisimama, akashuka kwenye tope, akaunganisha magurudumu ya mbele ili yote manne yavute. Siku za ukavu gari lilivuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake, kwa hiyo ilikuwa mara ya kwanza difu hizo mbili kufanya kazi pamoja tangu nilipobadilisha. Kwenye tope gari lilivumilia, maana magurudumu yaliweza kuteleza. Chini ya mteremko kulikuwa na kipande cha changarawe ngumu, na hapo hapakuwa na nafasi ya kuteleza. Mbele ikavuta, nyuma ikakataa, pikapu ikaruka upande na kulala mtaroni. Magunia yakamwangukia mama yako. Wengine wote waliinuka na michubuko.

Abiria mmoja alikuwa na jerikeni la tonto, pombe ya ndizi, likapasuka na kummwagikia Byamungu. Byamungu hakuwa mnywaji, hata soda alikuwa akiiombea kabla ya kunywa, lakini watu walipofika walimkuta ananuka pombe. Alilia akasema, "Bandugu, mbele ilikuwa navuta na nyuma iko nakataa. Sikufanya kitu!" Nani angemsikiliza?

Siku ya tatu baada ya mazishi, Mzee Bagambe aliniita nikalivunjevunje lile gari, aliuze kama vyuma. Nilifungua difu ya mbele, nikatia alama gia ndogo, nikahesabu. Kumi. Nikafungua ya nyuma. Tisa. Nikaanza tena kutoka jino jingine, kana kwamba lingeota moja wakati natazama pembeni. Tisa. Thelathini na saba kwa kumi, thelathini na saba kwa tisa. Mtoto wa shule angeona kwamba si mapacha.

Mzee akaja akasimama nyuma yangu na fimbo yake. "Wewe fundi, sema ukweli. Gari yangu ilikuwa na shida?"

Nikamwambia, "Hapana, mzee. Gari lilikuwa zima." Difu ya nyuma nikaichukua nyumbani pamoja na gia ndogo zote mbili, nayo ndiyo hiyo unayoikalia.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilisema vile kwa ajili yako. Ningefungwa, ungebaki na nani? Ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa fundi wa Juru. Watu walikuwa wakileta magari kutoka mbali wakiuliza jina langu, na nilishindwa kuwaza kwamba litatajwa kwa namna nyingine. Nilikufanya wewe kisingizio, nawe uliyekuwa mtoto ukalala kifuani pangu usiku ule bila kujua unatumiwa.

Tangu hapo nahesabu. Umeniona, na umenicheka. Nahesabu meno ya kitana, nahesabu mbegu, nahesabu ngazi za kanisa. Ukitingisha maharage kwenye ungo nyuma ya nyumba, mimi nasikia magunia. Mama yako ananijia, Riziki. Haji na lawama, afadhali angekuja nazo. Anasimama kando na kitenge chake akiwa mkavu, kabla ya mvua, ananiuliza kwa sauti ile ya chini kama nimehesabu. Nami kila mara namjibu ndiyo. Hata yeye, hata katika hali hiyo, nimeendelea kumdanganya.

Byamungu walimtoa kwenye kwaya, Mzee Bagambe akamfukuza, na hakuna tena aliyekubali kupanda gari analoendesha yeye. Akaenda Mbarara kusukuma toroli la matoke. Ulikuwa na miaka kumi na minne tulipokutana naye kwenye barabara inayoshuka kutoka Kamukuzi. Aliegesha toroli, akavua kofia, akasema, "Riziki, umekomaa." Ulimtemea mate miguuni. Aliinamisha uso, akavaa kofia yake. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikakushika mkono tukaondoka. Mambo mengine yote pengine nitapata namna ya kuyaeleza siku ya hukumu. Hilo sina maelezo yake.

Ndiyo maana uliposema utamwaibisha mbele ya watu, nilishindwa kuendelea kuficha. Siku mbili baadaye nilikwambia nakwenda kutafuta spea. Nilikwenda kumtafuta yeye, na kwenye mfuko nilikuwa na zile gia ndogo mbili.

Nilimkuta sokoni, amekaa kwenye mshikio wa toroli. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alichukua gia ya nyuma, akaweka kidole kwenye jino moja, akahesabu. Akarudia. Akarudia mara ya tatu, midomo ikicheza. Kisha akahesabu ile ya mbele. Akaviweka vyuma vyote viwili juu ya ndizi, akaitazama mikono yake.

"Kumbe haikuwa mikono yangu?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Nilitaka anipige. Yeye akaendelea kuitazama mikono. "Baba Riziki, kila siku niko narudilia ile fasi tulianguka. Nasema, labda nilikamata usukani mubaya. Labda nilisinzia. Nimejiambia nilisinzia mpaka nikaamini. Nikaomba Mungu anisamehe juu ya kusinzia."

Nikalia. Yeye hakulia. Akaniuliza, "Ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu siku ya tatu."

Alisimama kwa nguvu hata toroli likayumba, matoke yakamwagika barabarani, na watu wakageuka. "Siku ya tatu! Na weye uliniona naondoka na bibi yangu na batoto, ukanyamaza?" Akaninyooshea kidole. Akaanza kuokota ndizi zake. Nikainama kumsaidia, akasema, "Acha. Usishike." Nikaokota gia zangu, na nilipokuwa naondoka aliniita. "Mutoto anajua?"

"Bado."

"Mwambie. Ile mate yake iko inaniunguza mpaka leo."

Kutoka hapo nilikwenda Endiinzi. Mzee Bagambe amezeeka, haoni vizuri, lakini fimbo ni ile ile. Nilisema yote mbele ya wanawe. "Mimi nilifukuza mtu bure?" akasema. "Miaka yote hii unakunywa maziwa kwa nyumba yangu, unaniangalia tu?" Aligonga fimbo chini mpaka nikadhani nimekwisha kufukuzwa. Kisha akauliza mtoto wa marehemu anasafiri lini. "Gari iko. Lakini wewe hauendeshi. Huyo dereva ndiyo atapeleka mtoto. Tuma mtu amwite."

Byamungu alikataa mara mbili, mara ya tatu akaja. Pikapu ya sasa ya Mzee nayo ni kuukuu, nayo inavuta kwa magurudumu manne. Akaizunguka bila kunisalimia, akasema hatashika ufunguo mpaka hesabu ifanyike yeye akiona. Nikafungua difu zote mbili. Alihesabu gia kubwa, akahesabu gia ndogo. Tulipozifunga tukainua gurudumu la nyuma, akalizungusha yeye mara ishirini, mimi nikitazama chaki. Thelathini na saba. Tukafanya hivyo hivyo mbele. Thelathini na saba. Hakuniambia asante, wala hajanisamehe, wala sijamwomba. Tulihesabu tu, wazee wawili tumelala chini ya gari, na kwa mara ya kwanza kwa miaka yote hiyo mama yako hakusimama kando.

Jumapili nitasimama kanisani niseme. Baada ya hapo, akiniita mzee wa kanisa au polisi, nitakwenda. Usirudi kwa ajili yangu.

Utakosea kazini, Riziki, kama mimi. Siku utakayoona kosa lako, liseme siku hiyo hiyo, mikono ikiwa bado na oili. Siku niliyofunga ile difu nilikosa hesabu. Kuanzia siku ya tatu nilikuwa najua, na niliyoyafanya baada ya kujua siwezi kuyaita kukosea.

Gia yenye meno tisa iko mezani, kando ya kikombe chako. Ihesabu mwenyewe, usiamini barua.

Pikapu itakaposimama mlangoni, kwenye usukani atakuwa Byamungu. Ameahidi kuzima injini na kungoja bila kupiga honi. Ukitaka kungoja basi la mchana, ngoja. Mzigo nitaubeba mimi mpaka barabarani na sitakuuliza kitu. Nitakuwa nimesimama kando ya gari, pale aliposimama mama yako. Mama yako nilimwambia "panda" wakati sikuhesabu. Safari hii nimehesabu, na neno hilo sitalisema.

Baba yako